Mississippi: Jimbo lililopata viti vya Bunge kwa vichwa vya watu waliozuiwa kupiga kura

Mtunza Daftari (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi wa Marekani ukifika, humu jukwaani tunajadili marais tu. Kongresi, yaani Bunge la nchi nzima kule Washington, tunaipita juu juu, na majimbo ya kusini hatuyagusi kabisa. Leo naomba tukae na jimbo moja, Mississippi, tuone nani amevikalia viti vyake kule Washington tangu 1817. Nimelichagua kwa sababu sijaona mahali pengine panapoonyesha waziwazi hivi kwamba kuhesabiwa ni jambo moja na kuwakilishwa ni jingine.

Kwa wasioujua utaratibu: kila jimbo la Marekani lina maseneta 2, liwe kubwa au dogo. Baraza la Wawakilishi ni tofauti. Huko viti hugawanywa kwa idadi ya watu, na sensa hufanyika kila baada ya miaka 10. Shikeni hilo la sensa, maana mambo yote yanazunguka hapo.

Mississippi iliingia kwenye muungano tarehe 10 Desemba 1817, ikiwa jimbo la 20, na mbunge mmoja tu. Kufikia 1853 walikuwa 5. Kilichowaongeza ni pamba. Miaka ya 1830 ardhi ya Wachoctaw na Wachickasaw, wenyeji wa asili, ilichukuliwa kwa mikataba, mabwana wa mashamba wakamiminika na watumwa wao. Sensa ya 1860 ilikuta watu 791,305, na kati yao 436,631 walikuwa watumwa. Zaidi ya nusu ya jimbo! Katiba ya Marekani ilisema watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3 wakati wa kugawa viti. Hakuna hata mmoja wao aliyepiga kura, lakini kila mmoja alimwongezea bwana wake nguvu Bungeni. Mtu aliyeuzwa katika soko la Natchez aliingia kwenye hesabu iliyompeleka Washington mbunge wa kutetea utumwa wake.

Januari 1861 jimbo likajitoa. Seneta wake, Jefferson Davis, aliwaaga wenzake tarehe 21 mwezi huo, na muda si mrefu akawa rais wa serikali ya waasi wa kusini, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Viti vya Mississippi vikabaki vitupu hadi 1870.

Naendelea.

Nyangumi

Mkuu, kabla hujaendelea. Vita vilipoisha watumwa wakawa huru, kwa hiyo kila mmoja akahesabiwa mtu kamili? Kama ndivyo, si ina maana kusini walishindwa vita halafu wakaongezewa viti?

Mtunza Daftari

Ndivyo hasa, Nyangumi. Viongozi wa kaskazini waliliona hilo mapema, wakaogopa. Ndiyo maana Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya 1868, yana kifungu cha pili kisichotajwa sana: jimbo likiwanyima kura wanaume wake waliotimiza umri, nalo lipunguziwe viti kwa kiwango hichohicho. Adhabu imeandikwa ndani ya Katiba. Nitakirudia kifungu hiki mbele.

Kwa miaka michache mambo yalikwenda vizuri kuliko watu wengi wanavyojua. Weusi walipiga kura wakilindwa na jeshi la serikali kuu, na Januari 1870 Bunge la jimbo (wakati huo mabunge ya majimbo ndiyo yaliyochagua maseneta) likamchagua Hiram Revels, mchungaji aliyezaliwa huru North Carolina. Alipofika Washington wapinzani wakaleta hoja kwamba seneta lazima awe raia kwa miaka 9, na kwa kuwa Mahakama Kuu ilisema mwaka 1857 kwamba mtu Mweusi si raia, basi Revels ni raia wa juzi tu. Mjadala ulikuwa mkali. Tarehe 25 Februari 1870 ikapigwa kura: 48 kwa 8. Revels akaapishwa, mtu Mweusi wa kwanza kuketi katika Kongresi ya Marekani. Wengi huandika kwamba alichukua kiti cha Davis, lakini kiti chenyewe kilikuwa cha Albert Brown, seneta mwenzake Davis aliyeondoka naye.

Aliyemfuata ni Blanche Bruce, aliyezaliwa mtumwa Virginia, akaingia Seneti 1875. Desturi ni kwamba seneta mpya husindikizwa mbele na mwenzake wa jimbo moja. Mwenzake, James Alcorn, alibaki kitini. Bruce akaanza kwenda peke yake, na njiani Roscoe Conkling wa New York akainuka, akamshika mkono, wakaenda pamoja. Baadaye Bruce alimpa mwanawe jina la Roscoe Conkling. Alikaa Seneti muhula mzima hadi 1881. Na tangu siku alipotoka, Mississippi haijapeleka seneta mwingine Mweusi.

Wa tatu ndiye ninayempenda kuliko wote: John Roy Lynch. Mtumwa hadi utoto wake ulipoisha, Spika wa Bunge la jimbo akiwa na miaka 24, mbunge wa Baraza la Wawakilishi akiwa na 25. Februari 1875 alisimama kutetea muswada wa haki za kiraia akawaeleza wabunge wenzake jinsi yeye, mheshimiwa mwenzao, anavyosafiri kwenda Washington: reli zinamsukumia kwenye behewa la wavuta sigara, pamoja na walevi na wacheza kamari. Wale waliomsikiliza walikuwa wakisafiri kwa reli hizohizo.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, hongereni kwa mada. Mtunza Daftari, naomba utueleze ilivyovunjika. Watu wamepata kura, wamepata maseneta, wamepata Spika. Vitu hivyo havipotei kwa siku moja.

Mtunza Daftari

Shikamoo mwalimu. Vilipotea kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ilikuwa bunduki. Uchaguzi wa 1875 ulitanguliwa na mauaji Vicksburg na Clinton, mikutano ya Weusi ikavamiwa, wapiga kura wakatishwa nyumba kwa nyumba. Gavana Adelbert Ames aliomba jeshi. Rais Grant hakulileta. Majimbo mengine ya kusini yakaiga mbinu hiyo na kuiita Mpango wa Mississippi. Kisha mipaka ya maeneo ya uchaguzi ikachorwa upya: Weusi wengi wakakusanywa katika eneo moja jembamba lililofuata mto Mississippi, likaitwa eneo la kamba ya kiatu, ili kwingine kote wasiwe na uzito. Lynch alipigania hata hilo. Mwaka 1880 mpinzani wake alitangazwa mshindi, yeye akakata rufaa Bungeni, na Aprili 1882 Baraza likamrudishia kiti. Mwaka huohuo akashindwa kwa kura chache. Machi 1883 akaondoka.

Hatua ya pili ilikuwa kalamu, na ndiyo iliyodumu. Mwaka 1890 jimbo liliandika katiba mpya. Wajumbe walikuwa 134, na Mweusi alikuwa mmoja tu, Isaiah Montgomery, mwanzilishi wa mji wa Mound Bayou, naye akaunga mkono masharti mapya ya kura. Masharti yenyewe: uwe umelipa kodi ya kichwa, dola 2 kwa mwaka, uwe umeishi jimboni miaka 2, uweze kusoma kifungu chochote cha katiba, au ukisomewa ukieleze maana yake. Anayeamua kama umeeleza sawasawa ni karani wa uandikishaji, Mzungu. Neno rangi halimo popote, na ndiyo maana Mahakama Kuu ilipoletewa kesi mwaka 1898 ilisema haioni kosa. Mwaka 1892 Weusi walioandikishwa hawakufika 9,000 katika jimbo ambalo wao ndio walio wengi.

Sasa Nyangumi, rudi kwenye swali lako. Sensa ya 1900: watu milioni 1.55, na Weusi karibu asilimia 59. Kwa hesabu hiyo Mississippi ikaongezewa kiti, na kuanzia 1903 ikawa na wabunge 8, idadi kubwa kuliko zote katika historia yake. Wote 8 Wazungu, wamechaguliwa na sehemu ndogo ya watu. Chini ya utumwa angalau mtu alihesabiwa pungufu. Sasa alihesabiwa mzima na hakuwa na kura hata moja.

Na kile kifungu cha adhabu? Mwaka 1901 Edgar Crumpacker, mbunge wa Indiana, alipendekeza kitumike. Akashindwa. Hakijawahi kutumika dhidi ya jimbo lolote hadi leo.

Binti wa Tabora

Nimesoma hadi nikasimama. Ile ya kusoma na kodi imenikumbusha kwetu. Uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ili uandikishwe kupiga kura ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au umefika darasa la nane, au unashika madaraka fulani. Wakulima wangapi walikuwa na pauni 150? Halafu ukipata hiyo kura ulilazimishwa kupiga tatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, viti 10 kwa kila kundi, wakati Waafrika ndio karibu nchi nzima.

Ndicho walichobishania TANU hapa Tabora Januari 1958, waingie au wasuse. Nyerere akataka waingie, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Wakaingia, wagombea wa TANU na wale waliowaunga mkono wakashinda, na masharti yale hayakudumu. Swali langu kaka: kwa nini sisi ilichukua miaka michache na wao ikachukua karne?

Mtunza Daftari

Dada, swali zito. Jibu langu ni hili. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na aliyetunyima kura alikuwa mgeni aliyejua kwamba ataondoka. Mississippi, aliyewanyima alikuwa mwenyeji, hana pa kwenda, na Katiba ya nchi ilimpa tuzo kwa kuwanyima. Tuzo yenyewe haikuwa idadi ya viti tu. Ilikuwa pia ukongwe.

Kongresi ilikuwa na desturi kwamba mwenyekiti wa kamati ni yule wa chama kikubwa aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye kamati hiyo. Sasa mbunge wa jimbo lenye chama kimoja tu, Democrats, na wapiga kura wachache nani atamng'oa? Jamie Whitten aliingia Baraza la Wawakilishi 1941 akatoka 1995. Miaka 53! Kwa miongo mingi aliongoza kamati ndogo inayogawa fedha za kilimo, mwishoni akaongoza kamati nzima ya matumizi. John Stennis alikaa Seneti tangu 1947 hadi 1989. James Eastland aliongoza Kamati ya Sheria ya Seneti tangu 1956 hadi 1978, na miswada ya haki za kiraia iliyopelekwa kwake ilizikwa hukohuko. Muswada wa 1964 ulipita kwa sababu viongozi wa Seneti waliuzungusha usipite mezani kwake. Eastland alikuwa na shamba kubwa la pamba kaunti ya Sunflower, na watu waliolima kaunti hiyo hawakuwa na kura ya kumwondoa.

Kwa hiyo waliokosa kura Sunflower hawakupoteza mbunge wao tu. Kwa sababu yao Wamarekani Weusi wa nchi nzima walikwamishwa na mwenyekiti mmoja.

Kilichoanza kuipunguza Mississippi ni miguu ya watu. Waliondoka kwa maelfu na maelfu, treni za Illinois Central zikawapeleka Chicago, na huko walipiga kura. Mwaka 1928 Chicago ikamchagua Oscar De Priest, Mweusi wa kwanza Kongresi kutoka kaskazini. Kila aliyeondoka alijitoa kwenye hesabu ya Mississippi. Viti 8 vikawa 7 mwaka 1933, 6 mwaka 1953, 5 mwaka 1963, na 4 tangu 2003.

Msafiri wa Memphis

Naishi Memphis, mpakani kabisa na hilo jimbo, na kazi yangu ya kuendesha lori hunipitisha barabara kuu namba 61 ndani ya Delta, ule ukanda wa mashamba kando ya mto Mississippi. Ni tambarare mtupu, pamba na soya hadi macho yachoke. Ruleville ndiyo kaunti hiyohiyo ya Sunflower unayoitaja. Pale ndipo alipozikwa Fannie Lou Hamer, na kuna sanamu yake iliyosimamishwa 2012. Mkuu, usimruke huyu mama.

Mtunza Daftari

Siwezi kumruka. Ahsante Msafiri.

Agosti 1962 Hamer, mtoto wa 20 wa wakulima wa kugawana mavuno, alikwenda Indianola na wenzake kujiandikisha. Akafelishwa mtihani wa katiba, na jioni ileile mwenye shamba akamfukuza alikokuwa ameishi na kufanya kazi kwa miaka 18. Mwaka 1964 akagombea dhidi ya Whitten katika mchujo wa chama. Wengi wanamjua kwa hotuba yake ya mkutano wa Democrats kule Atlantic City mwaka huo, chama cha Freedom Democratic, walichokiunda Weusi wa Mississippi, kilipopewa viti 2 vya kufutwa machozi wakavikataa. Kilichofuata hakisimuliwi sana, na kwangu ndicho kikubwa zaidi.

Walikwenda kuupinga uwakilishi wenyewe. Hoja yao ilikuwa fupi: wabunge 5 wa Mississippi hawakuchaguliwa kihalali, kwa kuwa watu wengi wa jimbo wamezuiwa kupiga kura, kwa hiyo Baraza lisiwaapishe. Wakati huo Weusi walioandikishwa hawakufika asilimia 7 ya wenye umri wa kupiga kura. Tarehe 4 Januari 1965, mamia ya Weusi wa Mississippi walijipanga katika njia za chini ya ardhi ziendazo jengo la Bunge. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Wabunge walipita katikati yao kwenda kupiga kura. Mbunge William Fitts Ryan wa New York akasimama kupinga, na wale 5 wakaambiwa wakae kando wakati wengine wakila kiapo. Ilipopigwa kura wakaruhusiwa, 276 kwa 149. Kura 149, wakuu! Hakuna aliyetarajia.

Shauri likaendelea. Mawakili wakazunguka jimboni wakikusanya ushahidi wa mamia ya watu: aliyefukuzwa kazi, aliyechomewa nyumba, aliyepigwa mlangoni mwa ofisi ya uandikishaji. Tarehe 17 Septemba 1965 Baraza likaamua, na siku hiyo Fannie Lou Hamer, Annie Devine na Victoria Gray, waliodai viti kwa niaba ya chama hicho, wakaruhusiwa kuketi ndani ya ukumbi wenyewe. Wanawake watatu Weusi wa Mississippi, katika ukumbi ambao hakuna Mweusi wa jimbo lao aliyeketi tangu Lynch. Wakashindwa 228 kwa 143. Waliowakataa walisema akina mama hao hawakuwa kwenye karatasi rasmi za kura za Novemba, na kwamba Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huo, imeshamaliza tatizo.

Hoja ya kwanza inaniuma. Kwani nani aliwazuia wasiwemo kwenye karatasi?

Mwalimu Mstaafu

Nami naongeza kidogo. Vijana wa vuguvugu hilo hawakuwa mbali na sisi. Oginga Odinga alipofika Atlanta Desemba 1963, vijana wa SNCC, jumuiya ya wanafunzi waliopigania haki za Weusi, walimfuata hotelini kuonana naye. Hamer mwenyewe alikuja Guinea mwaka 1964, na John Lewis, kiongozi wa SNCC, alikutana na Malcolm X Nairobi mwaka huohuo. Walitutazama tunavyopata mabunge yetu.

Endelea. Sheria ya 1965 ilimaliza tatizo kama walivyosema?

Mtunza Daftari

Uandikishaji ulibadilika upesi, mwalimu. Kufikia 1967 Weusi walioandikishwa walikaribia asilimia 60. Uwakilishi haukubadilika, na sababu ni ramani. Delta ilikuwa eneo moja la uchaguzi tangu miaka ya 1880, watu wengi humo wakiwa Weusi. Mwaka 1966, mara tu Weusi walipopata kura, Bunge la jimbo likalipasua Delta vipandevipande, kila kipande kikaunganishwa na kaunti za Wazungu upande wa mashariki, hadi Weusi wasiwe na wapiga kura wa kutosha kushinda popote. Wakati wa Lynch waliwabana katika eneo moja, safari hii wakawatawanya.

Kesi zilichukua karibu miaka 20. Mahakama ilipolirudisha eneo la Delta, mgombea Mweusi Robert Clark akajaribu 1982 na 1984, akashindwa zote mbili. Mwaka 1986 Mike Espy, naye Mweusi, akashinda, akaingia Januari 1987. Tangu Lynch alipotoka hadi Espy kuingia ni karibu miaka 104. Espy alipoteuliwa Waziri wa Kilimo 1993, Bennie Thompson akachukua kiti, na ndiye aliyeongoza kamati iliyochunguza uvamizi wa Bunge wa Januari 6, 2021.

Upande wa Wazungu, vyama vilibadilishana nafasi. Thad Cochran, mwaka 1978, alikuwa seneta wa kwanza wa Republican kutoka Mississippi tangu Bruce. Cindy Hyde-Smith, 2018, ndiye mwanamke wa kwanza wa jimbo hilo katika Kongresi. Hayo nayapita haraka, wengine wanaweza kuyaanzishia uzi wake.

Nyangumi

La mwisho kwangu. Leo Weusi ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo, kuliko jimbo lingine lolote. Wana mbunge 1 kati ya 4, seneta hakuna. Huoni kwamba sasa ni suala la wingi tu, kura zimeamua?

Mtunza Daftari

Kwa Seneti, sehemu kubwa ni wingi, nakubali. Jimbo zima ni eneo moja, kura zinagawanyika sana kwa rangi, na Espy aligombea 2018 na 2020 akashindwa zote. Ya 2018 alipata zaidi ya asilimia 46.

Lakini wingi wenyewe unahesabiwa baada ya watu kuondolewa. Katiba ya 1890 bado inatumika Mississippi, na kifungu chake cha 241 kinachowanyang'anya kura maisha yote watu waliotiwa hatiani kwa makosa fulani bado kimo. Waandishi wake walichagua makosa waliyodhani Weusi huyatenda zaidi, na wizi umo. Mtu anamaliza kifungo, anarudi kwake, analipa kodi, anahesabiwa kwenye sensa, na kura hana tena. Ili arudishiwe, Bunge la jimbo lipitishe muswada kwa ajili yake mmoja mmoja, kwa theluthi mbili, au apate msamaha wa gavana. Kesi ya kukipinga ilifika mahakama ya rufaa ya serikali kuu, na Julai 2024 majaji walio wengi walisema kukibadilisha ni kazi ya Bunge la jimbo.